Kipini cha Bi Salha

Mwosha maiti hasemi alichokiona chumbani. Mwanasha aliishika kanuni hiyo miaka ishirini, tangu Bi Salha alipomwita mwizi mbele ya harusi nzima, kwa kipini chake cha pua cha dhahabu kilichopotea. Toka hapo, kila alikoingia watu walivuta mikoba yao. Akabaki na maiti, maana hao hawamwogopi mwizi.

Leo alikuwa akimwosha Bi Salha. Kanga ya marehemu, iliyotolewa kwenye sanduku lake la zamani, ilikuwa na fundo pindoni. Mwanasha akalifungua. Kipini kile kile kikang'aa.

"Mwanasha, msitiri marehemu," mwosha mwenzake alimsihi.

"Mimi alinisitiri nani?"

Akakifumbata kipini, akafungua pazia huku mikono ikichuruzika maji. Waombolezaji wakageuka. Aliyekaa karibu akauvuta mkoba wake kifuani.