Karibu Kiti

Maafisa wa ruzuku ya kaya maskini walipotangaza kwamba wangepita kukagua nyumba, Bi Mwanahawa aliona haya kuwakalisha wageni mkekani. Akaazima makochi mawili kwa jirani, akamchinja kuku wake wa pekee.

Afisa alikula, akalamba vidole, akafungua fomu. "Makochi yapo. Kitoweo, kuku. Bibi, hukidhi vigezo."

"Makochi ya watu hayo, mwanangu. Na kuku ndiye huyo uliyemla."

"Mimi naandika ninachokiona."

Alipotoka tu, jirani akaja mbio kuyachukua makochi. Nyumba ya pili nao walikuwa wameyaomba. Bi Mwanahawa akautandika mkeka wake, akaketi na sahani ya mifupa mapajani. Muda si muda, sauti ikapenya ukutani: "Karibu, bwana afisa. Karibu kiti."