Siku ya Ushindi wa Taya

Haya yalitukia chini ya nyayo zetu, nasi hatukusikia kitu. Mchwa wa kichuguu kimoja, wote wa tumbo moja, waligawanyika, wa mlango wa juu wakapigana na wa mlango wa chini. Damu ilimwagika, wa juu wakashinda.

Askari wao mmoja, Taya, alipanda juu ya maiti. "Leo ni Siku ya Ushindi!"

Kisha njaa ikamuuma. Mchwa askari ana meno makubwa mno: kukata shingo anajua, kutafuna hawezi. Tangu azaliwe alilishwa na vibarua, mchwa wadogo wa kazi. Akafungua kinywa, akangoja. Hakuja yeyote.

Mwishowe akaja bibi kibarua wa mlango wa chini, anachechemea, amebeba tonge.

"Fungua kinywa, mjukuu wangu."

"Bibi, wenzako nimewaua mimi."

"Najua. Na vibarua wenu waliokulisha wako wapi?"

Taya akatazama chini. Alikuwa amesimama juu yao; aliwakanyaga mwenyewe akikimbilia vita.

"Basi kula," bibi akasema.

Akala huku analia. Hata leo akiulizwa habari za ushindi ule, hujibu: "Ni siku niliyolishwa na adui, maana wangu nilishawamaliza."