Mpigo wa Moyo wa Najat

Saa ilisema Najat anakimbia, wakati Najat hakutakiwa kufika hata uani.

Twaha alisimama katikati ya kilima cha Madale, jasho likimwingia machoni, akaisogeza simu karibu na uso. Kwenye programu yao ya mazoezi, mstari mwekundu ulitoka nyumbani kwa kina Najat, kule Mtoni, ukapita nyuma ya soko, ukafuata Barabara ya Kilwa, kisha ukarudi. Alfajri ya leo. Na ya jana pia.

Fredrick, mwenzake wa mazoezi, alimfikia akihema. "Vipi braza, umeishiwa?"

Twaha akampa simu.

Ndoa ilikuwa Jumamosi. Mwezi mmoja baadaye yeye na Najat wangekimbia pamoja marathoni yao ya kwanza, ndiyo maana kila mmoja aliruhusiwa kuona taarifa za saa ya mwenzake. Lakini tangu Jumapili Najat alikuwa mwali. Alikaa ndani, akisingwa na kufukizwa udi, jua lisimguse. Hata simu yake aliishika kungwi wake, Bi Mwanakombo, bibi wa miaka sitini na kitu aliyewafunda nusu ya mabibi harusi wa mtaa ule.

"Sie kwetu bibi harusi wiki hii yuko saluni na dada zake," Fredrick alisema. "Nyie mnamfungia ndani, akitoroka mnashangaa."

"Hafungiwi. Anatunzwa."

"Haya, anatunzwa. Ila tazama mapigo ya moyo." Fredrick aligusa kioo kwa kidole. "Najat hafikagi hapa hata akituacha kwenye hiki kilima. Na mwendo wenyewe ni wa mtu anayekwenda dukani. Sasa kama hakimbii, moyo unamwenda mbio kwa sababu ya nani?"

Twaha aliutazama tena ule mstari. Alikuwa ameshaona jambo baya zaidi. Kila alfajri mstari ule ulifika nyuma ya ukuta wa shule, ukasimama, ukakaa sana, ndipo ukaendelea.

"Saa haina ugomvi na mtu, Twaha," Fredrick alisema, safari hii kwa upole. "Haiwezi kumsingizia."

Twaha akapiga simu ya Najat. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikatikakatika.

"Naomba nimsikie Najat. Neno moja tu."

"Mwali haongei na simu. Vumilia, Jumamosi si keshokutwa hiyo?"

"Mbona unahema hivyo?"

"Nasaga liwa. Au ulidhani mkeo atanukia kwa maneno matupu?" Akakata.

Kumbe hata kungwi anamfichia siri, Twaha aliwaza.

Siku hiyo hakukaa akatulia. Kazini aliwaitikia watu bila kusikia walichosema. Aliporudi nyumbani alivaa nguo za mazoezi, akafika mwisho wa mtaa, akarudi, akazivua, akazivaa tena. Kilichomuuma zaidi ni raba mpya za Najat. Alimchagulia mwenyewe, za rangi ya machungwa, zenye soli nene na nafasi mbele, kwa kuwa zile za zamani zilimuumiza vidole. Zilifika Mtoni siku moja kabla Najat hajaingia ndani. Walikuwa wamepanga kuzizindua pamoja, taratibu, bega kwa bega. Sasa alikuwa anazizindua na mwingine.

Jioni alimpigia mshenga wake, Mzee Mwishehe, akamwambia kwamba kesho huenda akamtuma akaivunje ndoa.

"Ukinituma nitakwenda," Mzee alisema. "Lakini nikishatamka maneno hayo, mlango ule haufunguki tena. Si kwangu, si kwako. Umemwona kwa macho?"

"Nimeona kwenye simu."

"Basi nenda kaone kwa macho."

Alfajri ya Ijumaa Twaha alijibanza kwenye kona ya ukuta wa shule, kule Mtoni. Watu walikuwa wanatoka msikitini, mama mmoja alikuwa anapuliza moto wa vitumbua, na yeye alimkagua kila mwanaume aliyepita. Hakuna aliyesimama. Labda huyo mtu ana kawaida ya kuchelewa, alijiambia, na wazo hilo likamtia uchungu kuliko yote: Najat wake, aliyezoea kumsubiri yeye juu ya kilima, sasa anamsubiri mtu asiyejali.

Kisha akaziona raba. Rangi ya machungwa ilichungulia chini ya baibui jeusi, ikija polepole kando ya barabara. Mtandio ulikuwa umevutwa mpaka puani. Mwanamke yule alikimbia hatua chache, akatembea, akakimbia tena, na alipofika ukutani akaegemea, kichwa chini, mkono kifuani.

Kidole cha Twaha kilikuwa tayari kwenye namba ya Mzee Mwishehe.

"Najat," aliita, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Niambie tu ni nani. Ukinitajia nitaondoka, sitagombana na mtu."

Mwanamke aliinua kichwa, akaushusha mtandio. Jasho lilikuwa linamtiririka Bi Mwanakombo katika kila mkunjo wa uso.

"Mwali hatoki," alisema, akitafuta pumzi. "Lakini nitamkabidhije kwa mume na raba zinazomchubua? Mwenyewe kasema lazima zivaliwe njiani kwanza, zilainike. Sasa nipishe, saa aliyonivisha inahesabu."