Chumba Kimoja kwa Bi Kanga

Enzi ambazo kila mnyama alijiona mbabe, Bi Kanga hakuwa na pembe wala sumu. Alikuwa na nyumba ya wageni yenye sharti moja: humu ndani hakuna kupigana.

Siku moja Swila, mtema sumu, alijitupa ndani akihema. Nyuma yake akaja Nyegere, mwenye ngozi ya kuvunja meno.

"Mtoe Swila nimle!"

"Karibu kwanza, baba. Keti ule."

Bi Kanga akaandaa sinia la viazi kama kawaida yake. Nyegere akalifagia lote.

"Sasa mtoe."

"Aliyekula kwangu ni mgeni wangu, na wageni wangu hawagusani. Kamsubiri nje."

Nyegere akachungulia. Nyuki aliowaibia asali asubuhi walikuwa wametanda uani. Ngozi yake haikuogopa kitu, ila macho hayana ngozi.

"Bi Kanga," akanong'ona, "chumba kipo?"

"Kipo kimoja, baba. Swila yumo, ila kitanda ni kipana."

Mara nyuki wakavuma mlangoni: "Mtoe Nyegere!"

"Karibuni kwanza, wanangu," akaitika Bi Kanga, akabandika sufuria nyingine.