Kovu Kwenye Picha ya Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Dorcas ni kikombe. Kilikuwa kimoja.

Mchoraji alikuwa ameichora picha yote kwa penseli juu ya kibao: chumba cha baridi huko Gravesend, mshumaa mmoja, kiti kimoja, kikombe kimoja, na kijana mwembamba asiye na ndevu ameinamia karatasi zake. Chini yake yangewekwa maneno haya: "Miaka miwili ya upweke." Kazi ya Dorcas ilikuwa kuichonga kwa patasi nyembamba, mstari kwa mstari, ipate kupigwa chapa katika kitabu cha picha za maisha na kazi za Bwana Septimus Garroway.

Uingereza nzima ilimjua Bwana Garroway. Alikuwa ameandika riwaya kumi na tisa, na katika kila moja mtoto fulani alitelekezwa, akalala njaa, akakohoa sana, kisha akafa vizuri kwenye ukurasa wa mia nne. Wasomaji walilia hata wakasahau kuwapa chochote watoto waliokuwa wakikohoa milangoni pao. Magazeti yalimwita rafiki wa watoto walioachwa. Yeye, kwa unyenyekevu wake, hakuwahi kuyakanusha.

"Dorcas, si kwenu huko?" Kitty aliuliza kutoka meza ya pili. "Kumbe mlikuwa na mtu mkubwa hivi, mkamwacha anywe chai peke yake! Watu wa Gravesend mna roho mbaya."

Wachongaji wote wakacheka. Dorcas akainamisha kichwa, masikio yakamwiva. Hakuwa msemaji. Shule aliiacha akiwa na miaka tisa ili amsaidie mama yake, aliyemlea peke yake kwa kupiga pasi kola za waungwana, na tangu hapo alichokuwa nacho cha kusema alikisema kwa mikono. Ilikuwa mikono mizuri. Katika karakana yote ya Bwana Lumley, waliokabidhiwa nyuso ni wawili tu, na mmoja alikuwa yeye.

Akachukua patasi, akaanza.

Ijumaa Bwana Garroway alikuja mwenyewe kukagua. Alikuja na koti la manyoya na ndevu zilizoanzia masikioni zikashuka hadi kifuani. Bwana Lumley alikuwa amekipangusa kiti mara tatu.

Picha ya kwanza ilikuwa nyumba aliyozaliwa. Kwa kubana matumizi, mchapishaji alikuwa ameitoa kwenye kibao cha zamani cha tangazo la sabuni.

"Ndiyo hii!" alisema Bwana Garroway, akijifuta macho. "Hata ule mti wa tufaha!"

Ya pili ilimwonyesha ana miaka mitatu, anasoma kwa mwanga wa mbalamwezi. Ya tatu, anamgawia ombaomba mkate wake wa mwisho. Alizitambua zote. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, hasa kwa mambo ambayo hayakutokea.

Akaishika ya nne, ile ya Gravesend.

Chini ya sikio la kushoto la yule kijana palikuwa na mstari mweupe, mfupi, uliopinda kama ukucha.

"Hiki nini?"

Bwana Lumley aliinama, akabadilika rangi. Kila panapopita patasi hutoka peupe kwenye karatasi, na patasi ikiteleza hutoka hivyo hivyo, peupe na hadharani.

"Mkono umeteleza, mheshimiwa. Dorcas! Njoo hapa!"

Dorcas alikuja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Miaka sita nakufundisha, leo unamkwaruza mheshimiwa shingoni kama unachinja bata! Lini umeanza kuteleza, wewe?"

Bwana Lumley akakichukua kibao, akaupapasa ule mkwaruzo kwa kidole gumba. Kina chake kilikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Akakunja uso kidogo. Lakini mheshimiwa alikuwa anasubiri, na mheshimiwa hasubirishwi ili mtu apate kufikiri.

Mkono wa Bwana Garroway ulikuwa umepanda taratibu, ukaingia ndani ya ndevu, upande wa kushoto, ukakaa humo.

"Shingo yangu haina alama," alisema. "Haijawahi kuwa nayo. Mpatoboe hapo, mpazibe, mpachonge upya. Na binti huyu simtaki kwenye kitabu changu."

"Hutamwona tena, mheshimiwa. Wala mimi." Kisha Bwana Lumley akapunguza sauti, maana wachongaji wa nyuso hawaokotwi barabarani. "Dorcas, mwombe radhi. Sema tu mkono uliteleza, urudi mezani kwako. Mheshimiwa ana huruma. Vitabu vyake vyote vinasema hivyo."

"Sema, shoga," Kitty alimnong'oneza. "Maneno mawili tu, utakula hata mwezi ujao."

Patasi zote zikasimama. Dorcas alikitazama kile kibao, akaitazama meza yake karibu na dirisha, akaitazama aproni yake, ambayo mama yake alikuwa ameipiga pasi asubuhi ile. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie, akainua uso na kumtazama machoni.

"Mkono haukuteleza, baba," alisema. "Na ile pasi iliyokuachia kovu hilo, mama bado anayo."