Shika Kushoto, Mzee

Gari lilisimama mdomoni mwa raundabauti, na Nhial hakuwa na haraka ya kuliingiza.

"Mzee, mbona umesimama?" Akuwam, mtahini wa leseni, akauliza. Alikuwa kushoto kwake, kalamu mkononi, amechoka na watu tangu asubuhi.

"Nangoja ya kulia, madam."

"Ya kulia gani? Iko gari hapo?"

"Inaweza kuja. Ile hujaona ndiyo inaua."

Wenzake waliongoja zamu walikuwa wamebanana nyuma, joto la Lodwar likiwakausha midomo. "Songa, Mzee wa Juba!" Lotiir akamtania. "Ukingoja hivyo, tutazikwa hapa."

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye kiu.

Nhial hakucheka. Nusu ya umri wake ameendesha malori Sudan Kusini, na huko gari hushika kulia. Ukivuka mpaka wa Nadapal tu kuingia Kenya, kila kitu kinageuka: unashika kushoto, na raundabauti unaizunguka kwa upande ule mwingine. Kichwa kilishaelewa. Mkono ndio uliokataa shule. Mara mbili ulishamwangusha mbele ya Akuwam huyu huyu. Leo akianguka tena, lori la maji la kambi ya Kakuma linapewa dereva mwingine, naye arudi kwa mkewe Aluel kukaa kivulini kama mgeni asiyejua kwao.

"Nipeleke hospitali," Akuwam akasema. "Njia ya tatu kutoka hapa."

Mji ulikuwa mtupu. Hakuna mbuzi waliolala barabarani, hakuna boda boda wa mtaa wa Kanamkemer wa kukukatia mbele, hata vumbi hakuna. Barabara nyepesi namna hiyo humtia dereva mzee wasiwasi.

"Naweka indiketa ya kulia," Nhial akasema kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Naingia."

Gari likaelekea kulia.

Kalamu ya Akuwam ikainuka.

"Ngoja," Nhial akanong'ona, akiuambia mkono wake. Gari lilikuwa bado halijavuka mstari. Akalirudisha taratibu, akashika kushoto, akazunguka. Akaipita njia ya kwanza, akaipita ya pili.

"Sasa indiketa ya kushoto. Natoka."

Akatoka. Karibu na hospitali, pale njia inapoishia kwenye barabara kuu, akasimama tena. Akatazama kulia, kushoto, kisha kulia.

"Na hapo unangoja nani?" Lotiir akauliza.

"Ngamia," Nhial akajibu.

Hata Akuwam alitabasamu kidogo. "Basi, inatosha, mzee. Umepita."

Nhial akashusha pumzi, akafumba macho. Akuwam akaliinua gari kwa vidole viwili, akalifuta jasho la Nhial kwa kitambaa, akaliweka kwenye kona ya meza, kando ya mji mdogo uliochorwa juu ya ubao.

"Anayefuata!"