Kamba Kifuani

Mtoto wa farasi alianguka tena, mara ya nne tangu kulipopambazuka. Miguu ikapiga hewa kama anayekimbia, macho yakageuka meupe, povu likamtoka. Mama Banda, waliyemwita hivyo kwa kuwa alishinda bandani kuliko jikoni, alimshikilia kichwa kisigonge sakafu mpaka degedege likapita.

Mtoto huyo alipoinuka, hakumtambua mama yake. Alimpita farasi jike aliyekuwa akimwita, akaenda kuegemeza paji la uso ukutani, akabaki hapo kama mlevi. Alikuwa na siku moja na nusu duniani, na titi la mama yake hakuwahi kuligusa. Waliishia kumnywesha kwa chupa.

Mumewe alikuwa mlangoni, akitazama.

"Leo yatakwisha," alisema.

"Yatakwisha vipi?"

"Yatakwisha tu, mke wangu. Nenda kapashe maziwa."

Mama Banda alimkazia macho. Mwaka uliopita mtoto mwingine wa farasi alishikwa hivihivi. Yeye alikwenda sokoni, aliporudi akakuta tuta la udongo mbichi nyuma ya banda. Daktari hakuitwa. "Nimempumzisha," ndilo neno pekee aliloambulia. Miezi mitatu walilala kila mtu chumba chake.

"Ukimgusa huyu, baba watoto, hutanisahau."

Mumewe aligeuka, akaondoka. Maneno hayakuwa mali yake.

Maziwa yalikuwa bado jikoni yakipata moto alipomsikia mumewe akipita dirishani, simu sikioni. "Kamba ninayo," alikuwa akisema. "Hapana, hajui. Bora asione."

Mama Banda alishika neno la kamba tu, akadhani ni habari za kufunga mizigo. Akakoroga maziwa, akayajaribu kwa kidole, akayamimina kwenye chupa, akaosha sufuria. Ndipo farasi jike alipolia, mlio mrefu uliomsimamisha nywele.

Alikimbia. Mlango wa banda ulikuwa umekomewa kwa ndani. Akachungulia kwenye ufa wa ubao.

Mtoto wa farasi alikuwa amelala ubavu, shingo imelegea, macho yamefumbwa. Kamba ilimzunguka kifuani mara tatu. Mumewe alikuwa nyuma yake, ameivuta kwa nguvu zake zote, mishipa imemtoka shingoni. Na alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Mfungue! Mfungue, unamuua!"

"Bado kidogo," alijibu, bila kugeuka.

Mama Banda alizunguka hadi mlango wa nyuma, uliokuwa wazi. Koleo la kuzolea samadi lilikuwa limeegemezwa pale pale. Hakukumbuka kulishika. Alikumbuka sauti tu, kama nazi inayopasuliwa, kisha mumewe akilala kifudifudi juu ya nyasi, na kamba ikimponyoka mkononi.

"Baba watoto?"

Damu ilianza kutafuta njia kati ya nyasi.

"Haloo, mzee?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka mfuko wa shati la mumewe. "Daktari hapa, bado niko nawe. Dakika ishirini zimetimia. Sasa mlegezee taratibu. Wakibanwa kifua hivyo, mwili hudhani ndiyo kwanza unazaliwa, akili ikaanza upya. Akiamka atamtafuta mama yake mwenyewe, utaona. Halafu mwite mkeo, aje ashangae."

Mama Banda aligeuka. Mtoto wa farasi alikuwa ameshasimama chini ya tumbo la mama yake, mkia ukichezacheza, ananyonya.